Baiskeli Haishiki Siku Unayoifungua

Nianze kwa kukiri. Baiskeli yangu ilikufa mwezi wa pili, na muuaji ni mimi. Haikuibiwa. Haikugongwa na matatu. Niliiua kwa kukosa kununua kopo la grisi la shilingi 200, kopo ambalo nilipita mbele yake karibu kila siku kwa miaka mitatu, juu duka la spea liko hapo tu nje ya ploti yetu.

Najua unachosema. "Huyu jamaa ameishiwa na kontenti, saa hii anatuandikia grisi." Sawa, cheka. Lakini kama una baiskeli, ama unapanga kununua, ama kuna mdogo wako anasubiri umpokeze yako, soma hadi mwisho. Itakuchukua dakika kumi. Mimi imenichukua baiskeli nzima kuelewa.

Story iko hivi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (hiyo ni story ya siku nyingine, na hapana, sijuti kila siku, ni siku zingine tu), niliuza laptopu, nikanunua baiskeli ya mtumba, zile tunaita Ex-UK. Fremu yake ilikuwa ya chuma, nzito kiasi, lakini imesimama. Paipu ya kiti, ile inaingia ndani ya fremu, ilikuwa ya alumini inayong'aa. Shika hizo metali mbili, chuma na alumini. Tutazirudia.

Aliyeniuzia alinikalisha juu yake, akapandisha kiti mpaka mguu wangu ukanyooka vizuri kwa pedeli, akakaza bolti. Mimi ni mrefu, futi 6 na kidogo. Tangu siku hiyo hicho kiti hakikuguswa tena. Kwa nini nikiguse? Kilikuwa sawa.

Hiyo baiskeli ilinilisha. Nilibeba chakula cha watu Nyali, Bamburi, Kisauni, mchana na usiku. Mvua ya mwezi wa tano ilininyeshea juu yake. Jasho langu, na wewe unajua jua la Mombasa, lilitiririka hadi kwa hiyo paipu. Na juu nilikuwa nimeanza kupost video, nilikuwa naishusha ufuoni maji yakijaa, napita na mawimbi, matone yanaruka, drama tupu. Watu walipenda. Nikimaliza naipangusa na fulana kuukuu, naiegemeza ukutani, nalala. Bahari ilikuwa imeingia ndani ya fremu na mimi nimelala.

Mwaka huu mambo yalibadilika kidogo. Nilianza kupata kazi za kuedit video za watu nikiwa nyumbani, kwa hivyo baiskeli ikawa inakaa. Wakati huo huo dada yangu mdogo akaingia gredi ya saba, na shule yake iko kama kilomita 4 kutoka kwetu. Hiyo ni matatu mara mbili kwa siku, ama miguu. Mama anauza mahamri asubuhi na anajua kila shilingi inaenda wapi. Nikaona, si jibu liko hapo ukutani? Nikamwambia dada yangu, "Chukua baiskeli. Ni yako. Jumatatu unaenda nayo."

"Kaka, kweli?"

"Kweli."

Aliiosha Jumapili yote. Alipiga msasa mahali palikuwa na kutu kwenye usukani, akafunga utepe. Jioni nikachukua spana nishushe kiti kifike kwa urefu wake. Nikalegeza bolti. Nikazungusha kiti. Kiti hakikuzunguka. Nikavuta. Nikakaa chini nikavuta na miguu. Nikaita jirani, mmoja akashika fremu, mwingine kiti. Hakuna kitu. Paipu na fremu zilikuwa zimekuwa chuma kimoja. Dada yangu alikuwa amesimama hapo na kitambaa mkononi, haongei.

Jumatatu alienda shule kwa miguu.

Sasa sikia ujinga wangu ulivyoendelea. Siku iliyofuata niliweka simu kwa tripodi, nikatoa nyundo, nikaanza kugonga kiti kutoka chini nikipiga kelele. Hiyo ndiyo video iliyotazamwa kuliko zote nimewahi kupost. Watu walicheka, wakatuma kwa mabeshte. Baadaye, nilipojifunza, nilipost nyingine fupi, natoa paipu, napaka grisi, narudisha. Hiyo ilitazamwa na mama, fundi, na watu wawili ambao nashuku waligusa kwa makosa.

Na hapo ndipo ninapotaka tuongee ukweli. Sisi tunapenda fundi wa nyundo. Tunapenda kuona moto, jasho, kitu kikivunjika. Yule msee anayepaka kitu kidogo cheusi mahali hakuna mtu ataona, halafu anaenda zake, hana video. Hakuna kilichotokea. Lakini kutotokea kwa kitu ndiyo kazi yenyewe.

Nilipeleka baiskeli kwa fundi mmoja Kongowea, mzee ambaye mikono yake imeshachukua rangi ya oili na haitatoka tena. Aliiangalia bila kuigusa, akauliza swali moja.

"Ilifungwa na grisi?"

Nikanyamaza.

"Basi haikushika juzi, kijana wangu. Ilianza kushika siku ile ilipofungwa."

Hilo neno limenikaa kichwani hadi leo. Kitu hakishiki siku unayojaribu kukifungua. Siku hiyo unapata habari tu.

Tulijaribu kila kitu. Mzee alimwaga mafuta ya kupenya pale juu paipu inapoingilia, akaacha siku mbili, akirudia asubuhi na jioni. Akanituma barafu, ile ya wauza samaki, tukaifunga kwenye paipu. Hiyo ina akili yake: alumini ikipata baridi hujikunja karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo paipu inaweza kujiachilia kidogo. Watu wengi hukimbilia kupasha fremu moto, lakini hapo moto unaenda kinyume na wewe, juu joto likishafika kwa alumini yenyewe ndiyo inatanuka zaidi na kubana zaidi. Mwisho akatoa kiti, akabana kichwa cha paipu kwa jiliwa, tukashika fremu watu wawili tukaizungusha kama mtu anayekamua nguo.

Ikalia. Nikafurahi. Nikadhani imeachilia.

Ilikuwa imepasuka. Ule mpasuko mdogo ulio juu ya fremu, pale bolti inapobania, ulirefuka ukashuka hadi kwa welding. Mzee aliachilia mikono akasema pole. Hakutaka pesa. Niliuza fremu kwa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo, nikapewa shilingi 120. Yaani baiskeli iliyonilisha miaka mitatu haikutosha kununua kopo la grisi ambalo lingeiokoa.

Sasa kilichoniuma zaidi si hiyo 120. Kilichoniuma ni kwamba hii kitu nilikuwa naijua. Na wewe unaijua. Kidato cha nne, kemia, elektrokemia. Tulichora mabika, tukakariri metali ipi inatoa elektroni na ipi inapokea, tukapita mtihani, tukasahau. Hakuna mtu alituambia kwamba lile bika liko chini ya kiti cha baiskeli.

Inafanya kazi hivi. Ukigusanisha metali mbili tofauti, halafu ukazilowesha na maji ya chumvi, umetengeneza betri. Betri dogo tu, lakini linafanya kazi usiku na mchana. Metali moja inajitoa ili nyingine ibaki. Kati ya chuma na alumini, anayeliwa ni alumini. Inageuka kuwa unga mweupe, na huo unga unahitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyokuwa hapo mwanzo. Lakini ndani ya fremu nafasi haipo. Kwa hivyo unga unajaa, unasukuma pande zote, unakuwa kabari. Kilichoshika kiti changu hakikuwa gundi, ilikuwa kubanwa. Ndiyo maana nyundo haikusaidia.

Usifikirie ukiwa na chuma ndani ya chuma umepona. Hapo utapata kutu ya kawaida, ile nyekundu, na yenyewe pia inafura kuliko chuma ilichokula. Na usifikirie ukiwa Nairobi ama Nakuru, mbali na bahari, haikuhusu. Jasho lina chumvi. Maji ya barabarani yana uchafu wake. Pwani inafanya haraka tu. Huko bara inachukua muda zaidi, halafu inafika.

Hata wakubwa imewapata. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni shaba, mifupa ya ndani ni chuma. Waliojenga walijua hizo mbili hazipatani wakaweka kizuizi katikati. Kile kizuizi kikachoka, maji ya chumvi yakaingia, na kufikia miaka ya 1980 zile mbavu za chuma zilikuwa zimeliwa na kufura vibaya. Ilibidi waweke nyingine za chuma kisichoshika kutu, na katikati wakaweka kizuizi kipya. Kazi ikaisha 1986, sanamu ikitimiza miaka 100. Kama sanamu ya namna hiyo inahitaji kitu katikati ya metali mbili, paipu yako ya kiti ni nani?

Na kama unaona New York ni mbali, fikiria meli zinazoingia Kilindini. Meli nyingi za chuma hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji, makusudi, ili bahari ile zinki na iache meli. Vikiisha vinabadilishwa. Hakuna nahodha anayesubiri meli itoboke ndiyo aanze kupiga nyundo.

Kwa baiskeli hatuhitaji zinki. Tunahitaji kuondoa maji kwenye hesabu. Na hapo ndipo wengi hukosea kuhusu grisi. Tunadhani grisi ni ya kufanya kitu kiteleze. Kwenye beringi, ndiyo. Lakini kwenye paipu ya kiti ama kwenye bolti hakuna kitu kinazunguka. Kazi ya grisi hapo ni kukalia nafasi ambayo maji yangekalia. Ni hiyo tu. Bila maji betri haliwaki.

Ipi basi? Hapa nitakuokolea pesa. Huhitaji grisi ya kuagiza yenye picha ya baiskeli kwenye kopo. Nenda duka la spea, itisha grisi ya beringi za magari, ile nzito inayokaa mahali ulipoiweka. Nyingi ni za lithiamu, na kwenye kopo utaona namba 2, ndiyo uzito wake. Za kalsiamu zinavumilia maji vizuri zaidi, kwa hivyo kama unaishi Pwani na unaiona, chukua. Kuna pia grisi ya kuzuia kushika, ina unga laini wa metali ndani, na huo unga unabaki hata mafuta yakioshwa. Hiyo ni nzuri kwa thredi na paipu, lakini usiiweke kwenye beringi hata siku moja, juu ule unga utasaga.

Na sasa vitu ambavyo si grisi, hata kama fundi wa mtaa wenu anaapa kwa jina la mamake.

Mafuta ya kupikia si grisi. Yakikaa kwa hewa yanageuka kuwa gundi, na siafu watakushukuru. Mafuta ya kujipaka ya mgando si grisi. Jua likiwaka yanayeyuka yanatiririka, na mvua ya kwanza yameisha. Oili chafu ya injini si grisi. Ni nyepesi, ina asidi na vumbi la chuma kutoka kwa injini ya mtu, na inaumiza ngozi yako. Na ile mikebe ya kupulizia, kama WD-40, ina kazi yake, lakini kazi yake iko kwenye jina: herufi hizo kwa Kiingereza zinasimamia kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, mwaka 1953. Inafukuza maji na kusaidia kulegeza. Haikai pale miezi sita kulinda mlango.

Mahali pa kupaka ni hapa. Chukua kitambaa, spana, na roho safi.

Kwanza, paipu ya kiti. Weka alama ya urefu wako na kalamu ama utepe, legeza bolti, toa paipu yote. Pangusa paipu, pangusa ndani ya fremu hadi kitambaa kitoke kisafi. Paka grisi tabaka jembamba ndani ya fremu na kwenye sehemu ya paipu inayoingia. Rudisha, kaza, pangusa iliyotoka. Ukiona unga mweupe ama kutu nyekundu, ulikuwa karibu kuwa mimi.

Pili, pedeli, pale zinapoingia kwenye mkono. Ile mistari ya kuzunguka, thredi, ipake grisi kabla ya kufunga. Na kabla hujavunja spana, jua hili: pedeli ya kushoto inafungwa kinyume na bolti za kawaida. Njia rahisi ya kukumbuka ni kuweka spana ikiangalia juu, halafu kuisukuma kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili zinafunguka hivyo. Watu wengi wanadhani pedeli ya kushoto imeshika kumbe wanaikaza.

Tatu, shina la usukani kwenye baiskeli za zamani, lile linalozama ndani kama paipu ya kiti. Linashika vile vile. Nne, beringi la katikati ambapo mikono ya pedeli inazungukia, vikombe vyake vikifungwa bila grisi havitoki bila vita. Hiyo mwachie fundi, lakini simama hapo umuulize lile swali la mzee wa Kongowea. Tano, kila bolti na nati unayofungua, tone moja kabla ya kurudisha.

Mahali pa kutopaka: rimu, diski za breki, na mpira wa breki. Ukipaka hapo hutasimama, na nakuhitaji hai. Cheni pia, usiipake grisi, itakusanya mchanga wote wa mtaa. Cheni inataka oili nyepesi kidogo, halafu unaipangusa. Na kama una bahati una paipu ama fremu ya kaboni, hiyo haipendi grisi, ina dawa yake maalum yenye chembechembe za kushikilia.

Mara ngapi? Huku Pwani mimi nasema kila miezi mitatu, na kila baada ya kuchezea bahari, kama bado una hiyo tabia. Huko bara, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya vuli, inatosha wengi. Na kila mwezi, hata bila grisi, legeza kiti ukizungushe kidogo ukirudishe. Kitu kinachosogezwa hakipati muda wa kushika.

Kama yako imeshashika, usikate tamaa na usianze na nyundo. Mafuta ya kupenya, siku kadhaa, subira. Kwa paipu ya alumini ndani ya fremu ya chuma, baridi. Kwa pedeli ya chuma ndani ya mkono wa alumini ni kinyume: mwagia mkono maji ya moto, alumini itanuke iachilie. Na tafadhali, usifuate wale wanaomwaga kostiki soda ndani ya fremu. Ni kweli inakula alumini. Inakula pia ngozi na macho, na inatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Kiti hakina thamani ya jicho.

Najua majibu yenu, juu nilikuwa nayo mimi mwenyewe.

"Mimi nina fundi." Poa. Fundi wako hulipwa kwa kilichoharibika. Simlaumu, ndivyo tulivyomzoesha. Hakuna anayempelekea baiskeli nzima akamwambia mzee, nipakie grisi nikulipe. Jaribu uone atakavyokuangalia, halafu uone baiskeli yako itakaa miaka mingapi.

"Baiskeli yangu ni ya bei ya chini, haina haja." Buda, ya bei ya chini ndiyo ina haja zaidi. Mwenye baiskeli ya laki tatu akipasua fremu atanunua nyingine. Wewe na mimi tutaenda kwa mizani ya vyuma chakavu.

"Sina pesa." Hii naiheshimu, juu nimeishi huko. Lakini kopo moja linatosha ploti nzima mwaka mzima. Changeni kumi kumi. Tunachangia vitu vya ajabu zaidi.

Nimalize na kwa babu.

Pasaka tulienda Kaloleni. Babu ana Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya kizamani, nzito kama mlango wa geti, amebebea nazi nayo kabla mama hajazaliwa. Siku hizi magoti yamekataa, imeegemezwa tu stoo. Nikiwa mdogo nilikuwa namwona kila mwaka, mawingu ya masika yakianza kukusanyika, anaifungua kipande kipande juu ya gunia. Kiti, pedeli, zile pini za mikono ya pedeli, kila kitu kinapanguswa, kinapakwa kutoka kwa kopo lililofunikwa kitambaa, kinarudishwa. Mimi nilikuwa nadhani ni uzee.

Dada yangu aliuliza kama anaweza kuipanda. Babu akanipa spana, akasema mshushie mtoto kiti. Nilicheka moyoni. Hiyo paipu ni ya zamani kuliko mama, nikajua hapa tutalala.

Nikalegeza nati. Nikashika kiti. Kikashuka na mkono mmoja.

Nilikitoa chote kuangalia. Hakukuwa na unga, hakukuwa na kutu. Paipu ilikuwa nyeusi ya grisi, laini, kama imewekwa jana.

"Babu, ulijuaje?"

Akanishangaa. "Nijue nini? Si mvua huja kila mwaka."

Sasa dada yangu anaenda shule na Mamba. Kiti kimeshuka hadi mwisho na bado anagusa pedeli kwa vidole. Wenzake walimcheka wiki ya kwanza, wakamwita mzee wa maziwa. Wiki ya pili walianza kuomba lifti. Nilimnunulia kopo la grisi, lile la 200, pale pale nje ya ploti. Ameandika tarehe juu ya kifuniko na kalamu ya maka: siku aliyopaka, na siku ya kupaka tena. Sikumwambia afanye hivyo.

Wewe fanya hivi. Jumamosi hii, kabla hujatoka, legeza kiti chako ukizungushe. Kikizunguka, kitoe, pangusa, paka, rudisha. Kikigoma, afadhali kigome Jumamosi asubuhi ukiwa na muda na mafuta ya kupenya, kuliko Jumapili usiku mtoto amesimama na kitambaa mkononi anakungoja.